Mitaro ya Mawe Juu ya Udongo wa Kichanga: Niliyojifunza Newala na Lindi

Udongo mwekundu wa uwanda wa juu wa Makonde hunywa maji haraka ukiwa umefunikwa na vichaka, na hubebwa na maji haraka vilevile ukiachwa uchi na kukanyagwa. Nimesimamia ujenzi wa mitaro ya barabara za mitaa na vijiji huko Newala na Tandahimba, na baadaye Lindi, na mengi ninayoyajua leo kuhusu kulaza mawe niliyapata kwa kurudi kwenye mitaro iliyokwisha kupitiwa na misimu kadhaa ya mvua na kuikagua kwa miguu, hatua kwa hatua. Ninayaandika kwa ajili ya mafundi sanifu wenzangu, na kwa ajili ya kamati za ujenzi ambazo hupewa fedha ya mtaro na kuambiwa ziweke mawe, bila kuelezwa ni mawe ya ukubwa gani, yalazwe juu ya kitu gani na yaishie wapi. Swali la kwanza huulizwa mara nyingi. Mawili yanayofuata huulizwa mtaro ukishabomoka, ilhali ndiyo yanayoamua kama mtaro utadumu.

Nianze na maji yenyewe. Ukanda wetu wa kusini una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Jumla ya mvua ya mwaka haitishi, kwani katika sehemu nyingi inazunguka milimita 1,000. Kinachochimba ni namna inavyonyesha, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji hayo hushuka kwa vishindo vya saa moja au pungufu ya hapo. Tena mvua za mwanzo huikuta ardhi ikiwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mkulima hupalilia na kusafisha chini ya mikorosho kabla ya mavuno ili korosho zikianguka zionekane, na mavuno hayo huwa yanaelekea ukingoni wakati mawingu yanaanza kukusanyika, kwa hiyo mashamba mapana hupokea mvua ya kwanza yakiwa hayana hata jani la kuipunguza kasi. Mjini hali ni ileile kwa sababu nyingine: viwanja vya nyumba hufagiliwa kila asubuhi mpaka vinakuwa vigumu, mapaa ya bati humwaga maji yote chini, na vichochoro vinavyoteremka hugeuka mito midogo. Anayepima mtaro wa mawe bila kupanda juu kuona maji yanakusanyikia wapi amefanya nusu ya kazi, na pengine ni ile nusu nyepesi.

Mtaro ulionifundisha kuliko yote ulikuwa umejengwa na watu wengine kando ya barabara ya mtaa mmoja mjini Newala, karibu na pale uwanda unapoanza kuvunjika kuelekea bonde la Ruvuma. Mawe yake yalikuwa mazuri na saruji haikubaniwa. Nilipoupitia msimu wa mvua ukiwa umekwisha, ulionekana mzima kabisa: mstari umenyooka, maungio hayana ufa, mchanga mchache tu umetuama chini. Mama mmoja mwenye nyumba ya jirani ndiye aliyenizuia. "Usikanyage hapo, mwanangu," aliniambia, "humo chini hamna kitu." Nilipiga magoti pembeni, nikapitisha mkono kwenye mwanya uliokuwa kati ya ukingo wa mawe na ardhi, na mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko bila kugusa udongo. Sakafu yote ya mtaro ilikuwa inaning'inia, imeshikwa na saruji yake yenyewe, na maji ya msimu mzima yalikuwa yamejitengenezea njia chini yake. Vidole vilitoka na mchanga mweupe, uliooshwa mpaka ule wekundu wa udongo wetu ukaisha. Mvua kubwa iliyofuata iliivunja sakafu hiyo mapande mazito, ambayo yaliviringika na kuziba kalvati lililokuwa chini, na barabara ikakatika mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote kabla ya mtaro kujengwa.

Sababu zake zilishikana. Mafundi walikuwa wamechimba kwa kina kilichoandikwa kwenye mchoro, na ili unene wa mawe usile nafasi ya maji, wakainua kingo za mtaro juu ya ardhi kwa kiasi cha kiganja. Maji ya viwanjani yaliyopaswa kuingia mtaroni yakakuta ukuta, yakatiririka sambamba nao nje, yakatafuta ufa, yakaupata. Mwanzo wa mtaro nao haukuwa umefungwa: mawe yalianza tu juu ya ardhi, bila kushushwa chini, hivyo maji ya kwanza kufika yaligawanyika, mengine juu ya mawe na mengine chini yake. Na chini ya saruji hapakuwa na kitu chochote isipokuwa ule mchanga mwekundu.

Tangu wakati huo, jambo la kwanza ninalolipima katika mtaro wowote wa mawe ni kina cha kuchimba, wala si kina cha maji. Kina cha kuchimba ni kina cha maji, pamoja na nafasi ya akiba juu yake, pamoja na unene wa mawe, pamoja na unene wa chujio, yaani tabaka la mchanga na kokoto lililo chini ya mawe ili kuuzuia udongo usitoke na maji. Katika mfano nitakaoueleza hapa chini, mtaro ambao kwenye mchoro unaonekana kuwa na kina kisichofika nusu mita unahitaji kuchimbwa karibu sentimita 90, na mkataba wa wachimbaji usipoyasema hayo kwa maandishi, hakuna atakayechimba. Ukingo wa juu wa mawe uwe sawa na ardhi au chini yake kidogo, ili tone linalotoka kiwanjani liingie bila kuombwa.

Chujio ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mtaro ukishakamilika halionekani na hakuna mgeni rasmi atakayeliuliza. Kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi, na maji yanayopita kwa kasi juu ya mawe huyasukuma na kuyavuta maji yaliyomo katika nafasi hizo. Kila yanapovutwa hutoka na chembe chache za mchanga, mpaka jiwe linabaki bila kitanda, linainama, na jirani yake linaanza kutikisika. Udongo wa mfinyanzi una kushikamana kunakouchelewesha mchezo huu. Mchanga wa Makonde hauna. Kanuni ninayoitumia inatokana na kazi ya Karl Terzaghi, mhandisi wa udongo, na inasema kwamba kile kipenyo ambacho asilimia 15 ya chujio ni ndogo kuliko hicho kisizidi mara 5 ya kipenyo ambacho asilimia 85 ya udongo ni mdogo kuliko hicho. Kwa maneno ya kazini: kama karibu udongo wote unapita katika chekeche la nusu milimita, basi sehemu ndogo kabisa ya chujio iwe mchanga mnene usiozidi milimita 2.5. Kwa hiyo kokoto za zege za milimita 20, zilizochekechwa zikawa za ukubwa mmoja, hazifai kuwa chujio juu ya mchanga wetu, hata zikimwagwa kwa unene wa kuridhisha macho. Mchanga utapita katikati yake kana kwamba hazipo. Ninachochanganya ni mchanga mnene wa mtoni pamoja na kokoto za kuanzia ndogo mpaka za milimita 40, natandaza unene wa sentimita 15, na ndipo mawe yanalazwa.

Mahali ambapo mchanga mnene na kokoto ni ghali, kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, kinafanya kazi hiyo vizuri, kwa masharti. Vipande vipishane angalau sentimita 30, cha upande wa juu kikilalia cha upande wa chini, kitandazwe juu ya udongo uliosawazishwa bila mashimo, na kifunikwe kwa tabaka jembamba la kokoto kabla ya mawe makubwa, kwa sababu jiwe likitupwa kutoka kwenye tipa linakitoboa, na tundu moja likitosha mchanga kutoka, kitambaa kizima hakina maana. Nimekuta nailoni ya ujenzi imetandikwa badala yake kwa nia njema kabisa ya kuzuia maji. Nailoni hairuhusu maji ya ardhini kutoka, hivyo mvua inapokoma na maji ya mtaroni yakashuka ghafla, maji yaliyo nyuma yake husukuma mawe juu, na kingo za pembeni huteleza na kuporomoka.

Kuhusu kulaza mawe yenyewe, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mlaza mawe kutoka Masasi, ambaye alipewa vijana wa mtaa awaongoze. Vijana walipenda kulaza kila jiwe bapa, uso mpana ukitazama juu, kwa kuwa kazi inakwenda mbio na inapendeza. Yeye alikuwa akiyasimamisha, urefu wa jiwe ukiingia ardhini na kichwa chake kidogo kikibaki juu, limebanwa na majirani pande zote, halafu anajaza mianya kwa vijiwe vya kukazia na kuvigonga kwa nyundo. Nilimuuliza, "Mzee, ukililaza bapa si linafunika eneo kubwa zaidi?" Akanijibu, "Linafunika, mwanangu, ila maji yakipata pa kuingiza ukucha chini yake, linafunuka." Kila alipomaliza safu alikuwa akiipita akikanyaga kwa kisigino jiwe moja moja, lililotikisika alilitoa na kulilaza upya. Mpaka leo sipokei kazi ya mlaza mawe bila kupita na kisigino changu namna hiyo, na sioni kipimo cha maabara kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Sasa ukubwa wa mawe, ambao watu wengi huukisia kwa macho. Chukua mteremko wa mtaa wenye eneo la hekta 4 linalokusanya maji, nusu ya mvua ikiwa inatiririka na nusu ikizama, na mvua kali ya milimita 100 kwa saa. Zidisha 0.5 kwa 100 kwa 4, kisha gawanya kwa 360, utapata mita za ujazo 0.55 kwa sekunde, yaani lita 550 kila sekunde. Barabara inashuka kwa asilimia 6. Mtaro una sakafu ya sentimita 60 na kingo zinazopanda kipimo 1 kwa kila vipimo 2 vya kwenda pembeni. Ukiuacha wa udongo mtupu, hesabu ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889, inatoa kasi ya mita 2.6 hivi kwa sekunde, wakati mchanga mwembamba huanza kubebwa katika karibu nusu mita kwa sekunde. Tofauti hiyo ya mara 5 ndiyo inayotengeneza makorongo tunayoyaona. Ukiulaza mawe, ukwaruzo wake unaipunguza kasi mpaka mita 1.7 kwa sekunde, na kina cha maji kinapanda mpaka sentimita 28.

Hatua inayofuata inatokana na utafiti aliouchapisha Albert Shields mwaka 1936 kuhusu nguvu inayohitajika kung'oa chembe kwenye sakafu ya mto. Ukubwa wa wastani wa jiwe linaloweza kubaki mahali pake ni kina cha maji mara mteremko, gawanya kwa zao la 0.047 na uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji, uzito huo ukiwa umeondolewa 1 kwanza. Jiwe gumu la milima ya Masasi, lenye uzito wa mara 2.65 ya maji, linatoa jibu la sentimita 22 kabla ya kuongeza kiasi chochote cha usalama, na jiwe la namna hiyo lina kilo 15 hivi. Mtu mzima analibeba, ila hawezi kubeba mengi kwa siku.

Tatizo ni kwamba juu ya uwanda wa Makonde mawe ya namna hiyo hayapo. Unachimba mita na mita na kukuta mchanga. Hivyo mawe hutoka Masasi kwa lori, au pwani, ambako jiwe lililo karibu ni la matumbawe. Matumbawe yamejenga nyumba za Mikindani na Lindi kwa karne nyingi na sina neno baya juu yake katika kuta. Katika mtaro unaokwenda kwa kasi nina neno. Chukua jiwe la matumbawe lenye vitundu vingi, ambalo uzito wake ni mara 2 tu ya maji. Hesabu ileile inadai jiwe la sentimita 36, ambalo lina karibu kilo 50, sawa na mfuko wa saruji, na bado linapukutika kingo zake likigongwagongwa na kokoto zinazobebwa na maji. Anayesema jiwe ni jiwe hajawahi kulipima kwenye maji. Kupima kwenyewe ni rahisi: funga jiwe kwa kamba kwenye mizani ya kuning'iniza, soma uzito wake hewani, lizamishe lote ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini, soma tena, kisha gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya visomo viwili. Likitoka chini ya 2.4 ninalikataa kwa mtaro wenye mteremko mkali, au ninabadili mtaro.

Kubadili mtaro mara nyingi ndiyo njia ya busara na ya gharama nafuu. Badala ya kuacha maji yashuke kwa asilimia 6 mfululizo, unaweka vizingiti, yaani ngazi, ili sakafu kati ya ngazi na ngazi ishuke kwa asilimia 3 tu. Kwa mtaro wa mfano wetu hiyo inamaanisha ngazi ya sentimita 30 kila baada ya mita 10. Kina cha maji kinaongezeka kidogo, mpaka sentimita 33, lakini ukubwa wa jiwe unashuka kutoka sentimita 22 mpaka 13, na uzito wake kutoka kilo 15 mpaka kilo 3. Mawe ya kilo 3 yanabebwa na kila mtu kijijini, yanapatikana kwa urahisi zaidi machimboni, na yanalazwa kwa unene wa sentimita 26 ambao ni mara mbili ya ukubwa wa wastani. Mawe makubwa unayahitaji kwenye ngazi zenyewe na katika kijidimbwi kilicho chini ya kila ngazi, mahali maji yanapoangukia na kumaliza hasira yake. Katikati ya ngazi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yaangukie katikati ya mtaro. Nimeona ngazi zilizosawazishwa kwa kipimamaji kwa ufundi wa kupigiwa mfano, maji yakazikwepa pembeni na kuziacha zimesimama peke yake katikati ya korongo jipya.

Huulizwa sana kama mawe yafungwe kwa saruji au yaachwe wazi. Mawe yaliyofungwa hupitisha maji kwa urahisi juu yake, hayaibwi kwenda kujengea misingi ya nyumba, na yanastahimili kukanyagwa na pikipiki. Lakini hayafuati ardhi inapotitia, na yanaficha uharibifu mpaka siku ya kuvunjika, kama ule wa Newala. Mawe yaliyolazwa bila saruji juu ya chujio zuri hushuka pamoja na ardhi, na shimo likianza linaonekana mapema na linazibwa kwa mikono. Mimi huchagua mawe yasiyofungwa juu ya mchanga kila ninapoweza, na hutumia saruji kwenye ngazi, kwenye midomo ya makalvati na mahali watu wanapovukia. Ninapolazimika kufunga kwa saruji mtaro mzima, naacha matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hivi kwenye kingo, yenye kokoto na kipande cha jiotekstaili nyuma yake, na kila baada ya mita chache naushusha ukuta mfupi chini ya sakafu ili maji yakipata njia ya chini yasisafiri mbali.

Suala la kuvuka lisidharauliwe. Mtaro wa mfano wetu una upana wa juu wa mita 2.5, na kila nyumba inahitaji kuuvuka. Wasipowekewa kivuko, wakazi watajaza mawe na mchanga wapate pa kupita, na wana haki, kwa kuwa mama anayerudi na ndoo kichwani hawezi kuruka mtaro. Vivuko viwekwe kwenye makadirio tangu mwanzo.

Sehemu iliyobaki ni mwisho wa mtaro, na hapa Lindi ilinifunza yale ambayo Newala haikunionesha. Mji wa Lindi umebanwa kati ya vilima na ghuba, hivyo maji hushuka kwa muda mfupi sana na kufika pwani yakiwa bado na nguvu. Mtaro unaweza kuwa imara kuanzia juu mpaka chini, halafu ukaishia hewani: mawe yanakoma, mchanga unaanza, na hapohapo maji yanachimba shimo ambalo linakua kurudi nyuma, likiangusha safu ya mwisho ya mawe, kisha ya kabla yake, mpaka mtaro wote umeliwa kutokea mkiani. Kwa sababu hiyo nimezoea kuanza kujenga kutoka chini. Kwanza nachimba handaki la kukata mtaro kwa upana wake wote, lenye kina cha angalau mara mbili ya unene wa mawe, nalijaza mawe makubwa kuliko yote niliyonayo, na mbele yake natandika sakafu ya mawe inayopanuka kadiri inavyokwenda. Kwa kalvati la kipenyo cha sentimita 60 sitandiki chini ya mita 3. Handaki la namna hiyohiyo linachimbwa pia juu, mwanzoni mwa mtaro, ili maji yasipate pa kupenyea.

Mwisho unaoishia baharini una mambo yake. Wakati wa maji ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, bahari ikijaa huingia ndani ya mdomo wa mtaro, na mvua ikikutana na kujaa huko, maji ya mtaroni husimama na kutua mchanga wote yaliokuwa yameubeba, hivyo mtaro unaziba pale panapohitajika uwazi zaidi. Kina cha mwisho kinapaswa kuhesabiwa kwa bahari iliyojaa ya bamvua. Vipimo vilivyochukuliwa wakati wa maji mafu, bahari ikiwa imekupwa, vinadanganya. Mawimbi nayo hung'oa mawe kutoka upande wa pili, upande ambao hesabu ya maji ya mvua haiujui kabisa. Wengi hukimbilia gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe, na kwa kweli yanaruhusu matumizi ya mawe madogo kuliko yale ambayo yangehitajika yakiwa huru. Ila waya wa mabati wa kawaida hauelewani na chumvi ya ghuba. Ukianza kuchubuka, kasha moja linafunguka na mawe yake madogo, ambayo peke yake hayana uwezo wa kuhimili chochote, yanakwenda na maji. Pwani nadai waya uliovikwa plastiki juu ya mabati, na mawe ya ndani yawe makubwa kuliko tundu la waya kwa namna ambayo hata moja halichomoki.

Kuna mvua ambayo hakuna mtaro wa mtaani utakaoihimili, na ni vema kuwaambia wananchi ukweli huo. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 bado kimo katika kumbukumbu za hali ya hewa za Afrika Mashariki, na Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua kubwa zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga na kwingineko wilayani Kilwa. Mitaro midogo kwa kawaida hupimwa kwa mvua inayotarajiwa mara 1 katika miaka 10. Watu husikia hivyo wakadhani wamepata amani ya miaka 10, kumbe maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa, na katika kipindi cha miaka 10 uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ni asilimia 65. Swali la mpimaji, basi, ni maji yatakwenda wapi siku hiyo. Ninachagua mahali ambapo mtaro utafurika, upande usio na nyumba, nashusha ukingo kidogo hapo, naulaza mawe mgongoni, na kuyaelekeza maji kwenye nyasi. Kila inapowezekana nayatoa maji kwa mifereji ya kuchepusha kabla hayajawa mengi, kwa kuwa hekta 4 zilizogawanywa mara mbili zinahitaji mawe madogo na mtaro mwembamba. Na katika uwanda wa Makonde, ambako maji ya kunywa yamekuwa shida kwa vizazi, kila tangi linalopokea maji ya paa linaupunguzia mtaro mzigo katika dakika zile za mwanzo ambazo ndizo kali.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya msimu napita kwenye mtaro, nikianza mkiani. Naangalia kama kuna shimo mbele ya mawe ya mwisho, kama kuna jiwe lililozama kuliko wenzake, ishara kwamba mchanga unatoka chini yake, na kama nje ya kingo kuna mfereji mdogo unaokwenda sambamba na mtaro. Jiwe lililozama halijaziwi jingine juu yake. Linatolewa, chujio linarekebishwa, ndipo linarudishwa. Kwa kuwa ukarabati huo ni wa mikono na hauhitaji zaidi ya sururu, nyundo na watu wawili, katika kila makadirio ninaandika tripu moja ya ziada ya mawe ya ukubwa uleule, ishushwe mahali panapojulikana na uongozi wa mtaa, pamoja na lundo la mchanga na kokoto za chujio. Wakaguzi wa hesabu wameshaniuliza mara kwa mara kwa nini kazi imekamilika na mawe yamebaki, nami huwapeleka mtaroni wakayaone yalikotumika.